Mgomba Uliutangulia Msafara

Septemba 1879, msafara wa watu zaidi ya mia moja uliteremka kutoka nyanda za juu kuelekea ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kiongozi wake alikuwa Mskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, aliyeachiwa uongozi baada ya mkubwa wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho miezi michache nyuma. Mtu aliyeujua mwendo hasa alikuwa msimamizi wa wapagazi, Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Walipita chini ya migomba. Nyua zilikuwa zimefagiliwa, ng'ombe wamenona, na vijiji vyote vimetandwa na kivuli cha majani mapana. Thomson aliandika juu ya nchi hiyo kama mtu aliyebahatika kuchungulia peponi. Miaka miwili kabla yake konsuli Mwingereza Frederic Elton alikuwa amepita katika milima hiyo hiyo, akaisifu naye, na kabla mwaka haujaisha akafia Ugogo.

Kuanzia hapo ikazoeleka picha ya nchi ya Wanyakyusa kama bonde lililojifungia: mashariki milima ya Ukinga, kaskazini Poroto na Mlima Rungwe wenye mita 2,960, kusini ziwa. Wangoni walijaribu kuingia wakarudishwa. Wasangu wa mtemi Merere vilevile. Watu walikaa na ng'ombe wao na migomba yao, dunia ikawapita kando.

Picha hiyo ni kweli nusu. Mgomba uliomfurahisha Thomson haukuwa mti wa Rungwe, wala wa Afrika. Ulikuwa umevuka bahari kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi, ukapanda milima, ukawa mwenyeji kiasi kwamba mgeni wa 1879 aliuona kama sehemu ya mlima wenyewe. Rungwe ilipokea mimea ya ng'ambo karne nyingi kabla ya kupokea misafara ya ng'ambo. Maradhi ya ng'ambo, kwa sehemu kubwa, yalikawia. Yalipokuja, yalikuja kwa pamoja, ndani ya muda mfupi kuliko maisha ya mtu mmoja. Zao na ugonjwa hutajwa pamoja kila inaposimuliwa habari ya njia za kale za biashara, na ni haki vitajwe hivyo, ila mwendo wao haufanani hata kidogo.

Tuanze na mgomba. Migomba ya kuliwa ilizaliwa katika misitu ya Asia ya Kusini-mashariki na New Guinea, ambako watu waliichagua vizazi kwa vizazi mpaka ndizi zikapoteza mbegu. Mmea usio na mbegu hauletwi na ndege wala na mafuriko. Lazima mtu achimbe chipukizi, alibebe, alifukie mahali pengine. Kwa hiyo kila mgomba ulioko Tukuyu, mji wa Rungwe, leo ni ushahidi wa mkono wa mtu kumpa mtu mwingine, mnyororo usiokatika hata mara moja kutoka Asia hadi hapa.

Mnyororo huo ni mkongwe. Huko Nkang, Kamerun, wanaakiolojia wamepata chembe za mawe madogo sana yanayoachwa na majani ya migomba, za takriban miaka 2,500 iliyopita. Basi mgomba ulikuwa ndani ya bara kabla ya kuwepo mji wowote wa Waswahili wenye misikiti ya mawe. Miji hiyo na biashara ya pepo za kaskazi na kusi iliongeza aina mpya juu ya zile za awali, na ikaacha maandishi. Al-Masudi, Mwarabu wa Baghdad aliyesafiri katika bahari hii na kuondoka Qanbalu akielekea Oman mwaka 916, aliandika kwamba ndizi ni nyingi katika nchi ya Zanj kama zilivyo India. Karne nne baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu. Aliandaliwa wali wa samli, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa alikuta watu wakila hasa ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kwa vyombo kutoka sehemu nyingine za mwambao. Kisha akashuka hadi Kilwa.

Ndizi mbichi na maziwa: Mnyakyusa yeyote angekaa mkekani hapo Mogadishu bila kuuliza maswali.

Udongo nao umeongeza ushahidi wake. Uchimbaji wa maeneo ya kale katika Visiwa vya Komoro na Madagaska umetoa punje za mpunga na choroko, mazao ya Asia, za karne ya 8 hadi ya 10, huku vijiji vya bara upande huu vikiendelea kula mtama na uwele. Pemba, kati ya kijiji cha kale cha Tumbe na mji wa Chwaka uliokifuata, mpunga uliongezeka mno kuanzia karne ya 11. Pwani ilikuwa inabadilisha chakula chake.

Lakini kutoka Kilwa hadi Tukuyu ni zaidi ya kilomita 600 kwa mwendo wa ndege, na Kilwa ya zama za Ibn Battuta haikuwa na haja ya kuitembea njia hiyo. Utajiri wake ulitoka kusini, kwa majahazi, katika dhahabu ya Sofala. Barabara ya misafara kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilikuja kupata nguvu baadaye sana, katika biashara ya pembe na watumwa ya karne ya 18 na 19. Mgomba ulifikaje, basi?

Ulifika bila barabara. Ulihitaji shamba moja lenye mgomba na jirani mmoja mwenye kutamani. Chipukizi lililochimbwa huweza kukaa siku nyingi nje ya udongo bila kufa, na likishapandwa, mkulima wa pili baada ya miaka michache anaweza kumpa wa tatu. Mwendo kama huo ni wa polepole, na historia haikuwa na haraka. Wala watu wa nyanda hizi hawakukaa bila kutembeleana. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, mwanaakiolojia Brian Fagan na wenzake walichimba katika miaka ya 1960 makazi ya wapika chumvi yaliyokuwa hai kati ya karne ya 13 na ya 15, wakati Kilwa iko kileleni mwa fahari yake. Chumvi haikai mahali pamoja. Watu huifuata au huibeba. Wakinga nao walifua majembe ya chuma milimani mwao na kuyateremsha kwa Wanyakyusa kubadilishana na chakula. Katika simulizi za Wanyakyusa, watemi waliotoka Ukinga ndio walioleta moto, ng'ombe na chuma. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandika masimulizi hayo kwa marefu. Hata kama mtu hasadiki habari ya moto, anaona ramani iliyomo ndani yake: vitu vizuri huja kwa njia ya mlimani, kutoka kwa jirani, si kwa mgeni wa mbali.

Ukiitazama ramani ya migomba ya Tanzania unaona visiwa. Kagera, Kilimanjaro, Usambara, Uluguru, Rungwe: milima yenye mvua ikitenganishwa na nchi kavu ambako mgomba haustawi. Rungwe ni miongoni mwa visiwa vilivyobarikiwa zaidi. Volkano ya Rungwe ilirusha majivu na mawe mepesi kwa kishindo kikubwa kama miaka 4,000 iliyopita, na jirani yake Kyejo ilimwaga lava mara ya mwisho kama miaka 200 tu iliyopita. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Watoto wa huko husema mvua ya kwao haina msimu, ina mapumziko.

Na ugonjwa?

Chukua ndui. Mtu aliyeambukizwa hukaa karibu wiki mbili bila dalili, kisha huugua wiki mbili au tatu, na mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: kaburi, au kinga ya maisha. Kirusi hakina mahali pengine pa kujificha, hakina mnyama wala udongo wa kukitunza. Kama mgonjwa ni mkulima anayetembelea shamba la jirani tu, moto huo utazimika kijijini kwake. Ndui inahitaji watu wengi walio karibu karibu na wanaokwenda mbali: mji wa bandari, jeshi, au msafara wa mamia ya wapagazi wanaolala pamoja kila usiku, ambamo mmoja akipona mwingine ameshaambukizwa. Mwendo wa chipukizi, wa shamba hadi shamba, ni wa polepole kupita kiasi kwa kirusi kama hicho.

Tauni ni habari tofauti, kwa kuwa inaye panya. Ibn Battuta, aliyekula ndizi za Mogadishu, alikuwa Damascus mwaka 1348 wakati watu walikufa kwa mamia kila siku, na aliporudi kwao Morocco akakuta mama yake amekufa kwa tauni hiyo hiyo. Panya weusi walikuwa wameshafika Zanzibar zamani; mifupa yao imechimbwa Unguja Ukuu. Siku hizi wanahistoria, Monica Green akiwa mstari wa mbele, wanatumia vinasaba vya bakteria wa tauni kujadili kama tawi moja la ugonjwa ule wa karne ya 14 lilipenya hadi eneo la Maziwa Makuu. Mjadala huo unaanzia mbali: mwishoni mwa miaka ya 1890 Robert Koch, akiwa Dar es Salaam, alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wa Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, ni tauni, na ulikuwa na wenyeji wake kule kabla ya meli za mvuke kuisambaza tauni duniani. Kusini huku, katika simulizi za Wanyakyusa, maafa makuu ya kale ni vita, njaa na hasira za mizimu. Gonjwa lililofyeka nchi nzima halina nafasi ndani yake mpaka karne ya 19 inapoelekea ukingoni.

Hata hivyo mgomba wenyewe haukuja peke yake, na hapa ndipo wakulima wanapomcheka mwanahistoria anayetenganisha zao na ugonjwa kwa urahisi mno. Ndani ya tunguu la chipukizi hukaa fukusi wa migomba, mdudu mweusi mwenye pua ndefu. Asili yake ni Asia ya Kusini-mashariki, kama mwenyeji wake. Hutaga mayai kwenye tunguu, funza wake hutoboa mahandaki, na mgomba uliobeba mkungu huanguka upepo ukivuma. Mdudu huyu harukiruki kwenda mbali. Hutembea usiku, hatua chache. Ameenea Afrika kwa sababu moja tu, kwamba watu wamekuwa wakimpa lifti. Ugonjwa unaoweza kusubiri ndani ya chipukizi husafiri kwa mwendo wa chipukizi. Ndiyo maana fukusi aliweza kwenda na mgomba mpaka milimani, ndui ikabaki bandarini.

Kuna jambo jingine lililojificha humo. Wataalamu waliochunguza vinasaba vya migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ile ya kupika na ya pombe, wameona kwamba karibu yote ni ukoo mmoja, uliotokana na mgomba mmoja au michache sana na kuzidishwa kwa machipukizi. Mabibi na mababu waliipa majina kwa makumi kwa sababu ya rangi ya shina, urefu wa kidole, ladha na muda wa kukomaa. Kwa kimelea, majina hayo hayana maana. Ni mlango mmoja, na ufunguo mmoja unatosha.

Mazao mengine yalifuata kwa mwendo mwingine. Mpunga, uliokuwa umeshakaa Pemba tangu karne ya 11, ulichukua karibu miaka elfu moja kuwa fahari ya Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe. Mpunga ulipanda bara pamoja na misafara, vituo vya Waswahili na walaji wa wali, kisha ukashika kama zao la kuuza chini ya Waingereza. Akina Wilson waliukuta ukilimwa kwenye bonde la ziwa. Leo mchele wa Kyela unauzwa Dar es Salaam kwa jina lake, na mara nyingi kwa jina lake hata kama umetoka kwingine. Mahindi, maharage, viazi vitamu na mihogo vilitoka Amerika baada ya 1492 na kufika pwani kwa vyombo vya Wareno, halafu vikafuata njia ile ile ya mgomba, shamba kwa shamba. Kwa hiyo sufuria ya mbalaga, ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, ambayo mzee wa Rungwe atakuambia ni chakula cha asili tangu kuumbwa kwa nchi, ina Asia na Amerika ndani yake. Cha Afrika hasa ni ulezi uliomo kwenye chungu cha kimpumu pembeni.

Karne ya 19 ndiyo iliyobadilisha mwendo. Mwaka 1859 Richard Burton alifika Kilwa akakuta kipindupindu kimejaza mji maiti. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar na kuona wimbi la 1869 hadi 1870 kwa macho yake, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kilichofuatilia kipindupindu kutoka Uarabuni, kupitia bara, hadi pwani, akiulizia habari kwa wafanyabiashara na mahujaji. Somo alilotoa ni rahisi kulisema leo: ugonjwa ulipita palepale zilipopita bidhaa. Wakati huo pembe za ndovu na watumwa walikuwa wakitoka Nyasa kwenda Kilwa kwa wingi, na wapagazi wakirudi.

Ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, mfanyabiashara Mlozi alijenga ngome karibu na Karonga. Vita vyake na Wangonde na kampuni ya Waskoti ya maziwani vilianza 1887 na kuwafukuza watu wengi kwenye nyumba zao, hadi Waingereza walipomnyonga Desemba 1895. Mwanajeshi mmoja Mwingereza alijeruhiwa hapo 1888 akishambulia ngome hiyo. Jina lake Frederick Lugard. Miaka miwili baadaye, akielekea Uganda, Lugard huyo huyo alipita katika nchi iliyojaa mizoga ya ng'ombe na nyati, na akaeleza kwa kirefu alichokiona. Hakujua kwamba ugonjwa huo, sotoka, ulikuwa njiani kuelekea kule alikopigwa risasi.

Kabla ya sotoka, funza. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga na mabaharia wenye funza wa miguuni, mdudu wa Amerika. Ndani ya miaka kama ishirini na mitano mdudu huyo alivuka bara lote kwa miguu ya wapagazi na kutokea pwani ya Bahari ya Hindi. Oscar Baumann, aliyepita nchi za Ziwa Viktoria mwaka 1892, alikuta watu wasiojua bado kumtoa kwa sindano, wakipoteza vidole. Mgomba ulitumia karne nyingi kutoka upande mmoja wa Afrika hadi mwingine. Funza alitumia muda wa ujana wa mtu mmoja.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika kwa kupitia Nyasa: Wamoravian waliojenga Rungwe, na wale wa Berlin chini ya Alexander Merensky upande wa mashariki. Mmoja wa Wamoravian, Georg Martin, alikufa kwa homa Septemba mwaka huo kabla kituo hakijasimama. Kwa wakazi wa milimani hilo halikuwa jambo la ajabu. Walijua siku zote kwamba bonde la ziwa lina homa na kwamba mlimani ni salama zaidi.

Kisha sotoka ikafika.

Ilikuwa imeingia Massawa, Eritrea, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi la Italia. Bahari ile ile iliyoleta mgomba, safari hii kwa meli ya moshi na mnyama hai. Kutoka Massawa ikashuka Ethiopia, ikawafilisi Wamasai, ambao miaka hiyo wanaiita kwa jina la kumalizwa kabisa, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikawa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Karibu kilomita 3,000 katika takriban miaka mitano. Ni ugonjwa wa kirusi, ndugu wa surua. Ng'ombe hupata homa, hutokwa machozi na makamasi, kinywa huota vidonda, huharisha, na kabla ya siku kumi au kumi na mbili huanguka. Katika kundi ambalo halijawahi kuuona, tisa kati ya kumi huweza kufa.

Mtu asiyejua maisha ya Rungwe anaweza kudhani hasara ilikuwa nyama. Nyumba za Wanyakyusa zilikuwa ndefu, ng'ombe wakilala ndani pamoja na watu, na kila asubuhi samadi ilisombwa. Samadi hiyo ilikwenda kwenye migomba iliyozunguka nyumba. Maziwa ya mgando yalikuwa kitoweo cha ndizi. Mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, matanga yalichinjiwa ng'ombe, na udugu wa ukoo ulifuatwa kwa kumkumbuka ng'ombe aliyetoka nyumba hii kwenda ile. Mgomba ulikuwa na uwezo wa kuendelea kuzaa bila ng'ombe, hasa katika udongo ule wa volkano, na ndiyo sababu Rungwe haikufa njaa kama Wamasai walivyokufa. Hili linastahili kutiliwa mkazo: zao lililokuja polepole ndilo lililowavusha watu walipopigwa na ugonjwa uliokuja mbio. Lakini deni la mahari la mtu ambaye zizi lake limebaki tupu lilikuwa deni la aina nyingine.

Ni katika nchi iliyodhoofika hivyo ndipo Wajerumani walipoweka utawala. Kituo chao cha kwanza, Langenburg, kilikuwa ufukweni mwa ziwa. Homa na hali ya ziwani vikawasukuma kupanda, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakahamia Tukuyu, yakaitwa Neu-Langenburg, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu, kwa maneno mengine, uko mahali ulipo kwa sababu ya mbu.

Mimea ikaendelea kuja, sasa kwa meli na kwa bustani za misheni. Chai ilijaribiwa Amani mwaka 1902 na Kyimbila mwaka 1904. Hapo Kyimbila alikaa Adolf Stolz, Mmoravian aliyependa majani kuliko mahubiri, au ndivyo unavyodhani ukiona wingi wa mimea aliyoikusanya. Jina lake limebaki kwenye miti kama Polyscias stolzii. Kahawa ya arabika ilitoka kwenye viwanja vya misheni ikaingia kwenye mashamba ya Wanyakyusa, kivulini mwa migomba, na nyuma yake zikaja kutu ya majani na chulebuni. Viazi mviringo vilifuatwa na baka jani, ugonjwa ule ule ulioleta njaa kuu Ireland mwaka 1845. Kila zao, punde au baadaye, lilipatwa na adui yake wa zamani. Pengo la muda kati ya zao na adui ndilo lililokuwa linapungua.

Vita Kuu ya Kwanza ikalifuta kabisa. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland na kuichukua Tukuyu. Maelfu ya wapagazi walipita wakibeba mizigo, wakalala katika kambi chafu, wakafa kwa kuhara na nimonia. Ng'ombe wa jeshi wakairudisha sotoka kusini mwa nchi. Mwishoni mwa 1918, vita ikimalizika, homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima kwa miezi ikaingia Tanganyika na kuua makumi ya maelfu ya watu. Hakukuwa tena na mlima wa kujificha nyuma yake.

Sotoka ilipokaribia tena kuvuka kwenda kusini mwishoni mwa miaka ya 1930, idara za mifugo zilipambana nayo kwa njia ambayo ingemshangaza msafiri yeyote wa zamani: zilijaribu kuifunga nchi. Kusini mwa Tanganyika ulijengwa uzio mrefu kuwazuia wanyamapori wenye ugonjwa wasipite, na ng'ombe wakachanjwa katika ukanda wa mpakani. Chanjo iliyomaliza kazi ilitengenezwa baadaye na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kufutika duniani, ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui. Yale magonjwa mawili yaliyohitaji mbio ili yaishi ndiyo binadamu aliyoweza kuyamaliza, maana hayana mahali pa kungoja.

Yale yanayojua kungoja bado yapo. Malori ya ndizi hutoka Kiwira na Tukuyu, hupanda Uyole, na alfajiri ya pili hushusha mikungu soko la Mabibo, Dar es Salaam. Sigatoka nyeusi, kuvu ya majani iliyoripotiwa Pemba mwaka 1987, imeshapanda bara. Mnyauko bakteria uliotoka Ethiopia ulionekana Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006, ukisambazwa na panga la kukatia mikungu, wadudu na machipukizi. Mwaka 2013 kaskazini mwa Msumbiji iligunduliwa TR4, aina ya mnyauko wa Panama inayoua hata migomba iliyokuwa imehimili aina za awali, na ambayo mbegu zake hukaa udongoni miongo kadhaa. Kasumulu, mpakani na Malawi, kuna maofisa wa afya ya mimea. Wanachokagua ni mzigo unaopita getini.

Wataalamu wa ugani huwafundisha wakulima namna ya kusafisha chipukizi kabla ya kulipanda: limenye tunguu mpaka libaki jeupe, ulitumbukize katika maji yanayokaribia nyuzi 55 kwa dakika kama ishirini, au katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha ulipande kwenye shimo jipya. Hiyo huua mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi. Kuvu ya TR4, iliyomo ndani ya tishu za mmea, haiuawi na maji hayo, na chipukizi lenye kuvu hiyo huweza kuonekana zima kabisa siku linapokabidhiwa.